Mshono Chini ya Rangi ya Manjano

Kaloleni, Jumamosi, saa tisa alasiri

Mwanangu Nekesa,

Umetoka sasa hivi kwenda Eastleigh na binamu yako kutafuta mapazia ya nyumba yako mpya ya Mombasa, na kesho unahama. Najua hamtarudi kabla ya giza, kwa hiyo nina saa chache za kuandika jambo ambalo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo wiki tatu nzima. Mara ya kwanza nilijaribu jikoni, ukapigiwa simu ya kazi. Mara ya pili tulikuwa tukitoka kanisani, watu wakatuzunguka kukupongeza. Mara ya tatu hakuna kilichonizuia ila mimi mwenyewe. Ulikuwa mbele yangu unakula, ukaweka kijiko chini ukaniuliza, "Mum, kwani kuna nini?" Nikasema ni mgongo.

Habari za chakula, za kufua, za kufunga milango na za watu wa kuepuka, sitaziandika hapa. Una miaka ishirini na minane. Kama sikukufundisha hayo ukiwa mdogo, basi nimechelewa. Nataka kukuandikia kuhusu gari lako, na kuhusu gari jingine ambalo hukuliona.

Siku uliyolileta hapa nyumbani, watoto wa mtaa mzima walikuja mbio. Ulilipitisha kwenye matuta polepole kama mtu aliyebeba mayai, na bado tumbo la gari likakwaruza. Njia yetu ni nyembamba, kwa hiyo uliliacha uani kwa kanisa, chini kama mkeka, jekundu, injini ikiwa nyuma ya mgongo wa dereva. Wazee waliokuwa wakicheza drafti waliacha mchezo wao. Shangazi yako alizunguka mara moja akasema mtu mwenye akili timamu angenunua ploti ya kujenga huko Kamulu. Wewe ulicheka tu. Mimi nilisogea nyuma upande wa kulia, nikapitisha vidole juu ya bawa, lile bati linalofunika gurudumu, kisha nikarudi nyumbani bila kukuambia hata hongera. Nilijifungia chumbani.

Ulidhani nimekubaliana na shangazi yako. Kesho yake ulinieleza kwa upole kwamba umeweka akiba miaka sita, kwamba hukukopa, kwamba hukuacha kunisaidia hata mwezi mmoja. Nekesa, hukuhitaji kujitetea. Nakumbuka ulipokuwa darasa la tano, nilikuwa nikileta magazeti ya zamani ya kufunikia vioo wakati wa kupaka rangi mageti, nawe ukikata picha za magari na kuzibandika ukutani juu ya kitanda chako kwa uji wa unga. Nilijua kabla yako kwamba siku moja utanunua gari la namna hii. Nilikuwa nikiiogopa siku hiyo tangu ukiwa na miaka kumi.

Vidole vyangu vilisikia kitu pale nyuma. Rangi ya bawa la kulia ilikuwa nene kuliko ya mlango. Macho hayawezi kuona tofauti hiyo. Vidole vya mtu aliyefanya kazi yangu vinaiona. Maana yake ni kwamba gari lako liliwahi kugongwa au kukwaruzwa, na mtu akalipulizia rangi upya. Nilikuuliza jioni ile ile aliyekuuzia alisema nini. Ukaniambia ulimuuliza kama lilishapata ajali, naye akakujibu kwamba yeye ni mtu wa tatu kulimiliki na kwamba wote walilipenda kama mtoto. Ukaridhika. Mwanangu, hukuwa umemuuliza kama walilipenda. Mimi naijua namna hiyo ya kujibu kwa sababu niliwahi kuitumia, na mtu akaumia.

Nimekuambia maisha yako yote kwamba niliacha kupulizia magari kwa sababu ya kifua. Kifua changu hakijawahi kuwa na tatizo. Ukweli ndio huu.

Babu yako, unavyojua, alikuwa mpaka rangi wa mabehewa ya reli. Alinifundisha kazi yake hapa hapa uani Kaloleni, kwa msasa na maji, tangu nikiwa msichana. Alipofariki nilikwenda kuomba kazi katika gereji iliyokuwa upande wa Majengo, karibu na Gikomba. Mwenyewe aliitwa Mutiso, fundi wa bodi kutoka Machakos, mtu mpole, asiyekunywa, anayesali kabla ya kuwasha moto wa kuchomelea. Wanaume walicheka kuona mwanamke ameshika bunduki ya kupulizia rangi. Mutiso hakucheka. Alinipa mlango wa lori, nikaupaka, akautazama dhidi ya jua, akasema nije Jumatatu.

Nilifanya kazi pale miaka minne. Nilikuwa na mimba yako ya miezi mitano wakati lile gari lilipoletwa. Niseme lile gari, lakini yalikuwa mawili. Yalikuja juu ya lori moja, yote ya aina moja, madogo, ya milango miwili, ya mwendo kasi, yale ya wazungu na mabwana wakubwa. Moja lilikuwa limepondeka mbele hadi kwenye kioo. Jingine lilikuwa limekunjika nyuma. Mtu aliyeyaleta alitaka apate moja zima. Mutiso aliyakata yote mawili katikati, akachukua mbele ya hili na nyuma ya lile, akayachomelea pamoja kwenye sakafu, chini ya viti.

Kazi ya kuunganisha bodi ipo, na wapo wanaoifanya kwa vipimo na vyuma vya kuimarisha. Hii haikufanywa hivyo. Mtu yule alikuwa na haraka, na Mutiso alikuwa na karo za watoto. Nilimwona akichomelea sakafu ile kwa siku moja na nusu. Alipomaliza aliniita, akaniambia nilale chini ya gari nipake lami nyeusi juu ya mshono, kisha ninyunyize vumbi kidogo kabla haijakauka, ili ionekane ya zamani. Nililala chini, Nekesa, na tumbo langu, nikafanya hivyo. Nilifanya vizuri. Hata mimi mwenyewe nilipotoka nikatazama tena sikuuona.

Mnunuzi alipatikana hata kabla ya rangi. Aliitwa Odhiambo. Alikuwa karani katika ofisi za jiji, kijana wa miaka ishirini na sita, mwembamba, anayevaa shati lililopigwa pasi hata Jumamosi. Alikuwa amelitamani gari la namna ile tangu utotoni, kama wewe. Kila Jumamosi alikuja kuangalia kazi inavyokwenda. Alichagua rangi ya manjano. Alikuwa akiniletea soda na mandazi akisema mama mjamzito asifanye kazi na njaa, kisha anakaa juu ya debe ananiuliza maswali: kwa nini napiga msasa kwa maji, kwa nini nasubiri, kwa nini rangi ya manjano inahitaji nyeupe chini yake. Nilimpenda kama ndugu. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba nilimpenda.

Jumamosi ya mwisho, siku ya kulichukua, Mutiso alikuwa ndani anaandika risiti. Odhiambo alizunguka gari lake, akachuchumaa, akatazama chini, akasimama. Alinijia akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeona haya kwa kuuliza, "Dada, niambie wewe. Hili gari liligongwa?"

Mimi nikamjibu, "Rangi si unaiona mwenyewe."

Akatabasamu. Akasema kweli, ni nzuri sana. Akaingia, akaliwasha, akaondoka.

Nimekaa na dakika ile miaka ishirini na minane. Nilijiambia sikusema uongo, kwa kuwa hakuna neno la uongo ndani ya jibu lile. Nilijiambia nina mimba, kwamba baba yako hana kazi ya kudumu, kwamba Mutiso angenifukuza siku hiyo hiyo. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba ningeweza kutikisa kichwa tu kukubali. Kutikisa kichwa kusingechukua hata muda wa kumeza mate.

Wiki saba baadaye Odhiambo alikuwa akitoka kumwona dada yake Athi River. Hakuwa akikimbiza gari. Walioona walisema alikuwa nyuma ya lori, anakwenda taratibu, akaingia kwenye shimo ambalo gari lingine lolote lingetikisika likaendelea. Lake likafunguka katikati. Mbele ilikwenda na yeye, nyuma ikabaki barabarani. Hakufa. Uti wa mgongo ulivunjika, na tangu siku ile hajasimama kwa miguu yake.

Habari ilifika gereji Jumatatu asubuhi. Mutiso alikaa chini kwenye udongo. Baadaye akaniambia kwamba polisi watakuja, na kwamba nisiseme kitu chochote, kwani mimi ni mtu wa rangi tu. Walikuja kweli. Mutiso aliwaambia kwamba mimi niliitwa baada ya kila kitu kufunikwa, na sikujua. Afisa mmoja akanigeukia akaniuliza kama ndivyo. Nikatikisa kichwa kukubali. Siku hiyo kichwa changu kilitikisika bila shida.

Kesi haikwenda popote. Mutiso alifunga gereji akarudi kwao, na nilisikia alifariki miaka michache baadaye. Mimi nilikuzaa wewe, na nilipopata nguvu nikaanza kupaka mageti, mabango na madawati ya shule. Gari sikuligusa tena.

Sasa nikueleze kuhusu Odhiambo, kwa sababu yu hai, na hayuko mbali. Ana karakana Makadara, nyuma ya Jogoo Road. Hatengenezi magari. Anayakagua. Mtu akitaka kununua gari kuukuu anampelekea kwanza, naye anamwambia kama lilishagongwa, kama lilizama majini, kama maili zake zimerudishwa nyuma. Alijifunza kazi hiyo akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na watu wa Eastlands wanamwamini kuliko stakabadhi. Nimejua habari zake muda wote. Miaka kumi iliyopita mtu alinitafuta nimpakie rangi bango lake jipya. Niliposikia ni la nani nilisema nina kazi nyingi. Nikienda kumwona shangazi yako Makadara nilikuwa nikizunguka njia ya mbali ili nisipite mbele ya lango lake.

Kisha ukaja wewe na gari jekundu lenye rangi nene upande wa kulia, ukasema utaliendesha hadi Mombasa. Barabara ile ile. Utapita Athi River kabla hujaanza hata kuona njaa.

Sikulala, Nekesa. Nilikuwa nikifumba macho namwona Mutiso na moto wake, kisha nakuona wewe nyuma ya lori. Nilikwenda uani kwa kanisa mchana, nikalala kifudifudi kwenye changarawe nikajaribu kuchungulia chini, lakini gari liko chini mno na macho yangu yamezeeka. Niliona weusi tu. Na weusi ndio niliokuwa nikiuogopa. Mchungaji alinikuta pale, akaniuliza kama nimeangusha kitu. Nikamwambia pete.

Jumanne iliyopita ulipanda treni kwenda Mombasa kutafuta nyumba, ukaniachia ufunguo ili niwe nawasha injini asubuhi. Jumatano nililichukua gari lako nikaliendesha hadi Makadara. Nisamehe kwa hilo kwanza, ndilo dogo. Niliendesha kama nilivyojifunza gereji zamani, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Madereva walinipigia honi, mmoja akafungua dirisha akaniambia nyanya ashuke apumzike. Jasho lilinitoka mikononi hadi usukani ukawa unateleza. Karibu na kanisa la Makadara barabara ilikuwa wazi, nikakanyaga kidogo tu, kuona. Lilinisukuma mgongoni kama mkono wa mtu mwenye nguvu, na sauti ikanipitia kifuani. Nilicheka peke yangu. Nikakumbuka uso wa Odhiambo akiondoka gereji, nikaelewa alichokuwa anakihisi, na kicheko kikanikauka.

Alikuwa mlangoni. Amenenepa, nywele zote nyeupe, shati limepigwa pasi. Alilitazama gari kwanza, kama mtu yeyote, kisha akanitazama mimi nikihangaika kutoka kwenye kiti kile. Alinitambua kabla sijasema jina langu. Na alifurahi, Nekesa. Alifurahi kuniona. Akaagiza chai. Akaniambia alikuwa akijiuliza nilikwenda wapi, na kama yule mtoto alizaliwa salama. Nikasema alizaliwa salama, na gari hili ni lake. Akacheka sana. Kisha akasema, "Mutiso alinijia hospitali akanieleza yote. Akaniambia wewe hukujua kitu. Ulidanganywa kama mimi."

Mlango ulikuwa wazi kabisa wa mimi kupita. Alikuwa ameniandalia uongo na chai juu yake. Ningesema asante, angelikagua gari lako, ningerudi nyumbani, na usingejua lolote hadi ninazikwa. Nilishika kikombe nikaona mkono wangu unatetemeka. Niliwaza: mtu huyu atakwenda chini ya gari la mwanangu kutafuta mshono, na mimi nimekaa juu ya mwingine.

Nikamwambia, "Nilijua. Mimi ndiye niliyelala chini ya gari lako nikaupaka lami ule mshono. Uliponiuliza, nilijua."

Aliweka kikombe chake chini, akageuza kiti chake, akaenda hadi mwisho wa karakana, akanipa mgongo. Nilisikia redio ya jirani. Nilitaka kuondoka lakini ufunguo nilikuwa nimeshampa yeye. Sijui ni dakika ngapi. Nilikuwa na hofu kwamba atakataa gari, na nilikuwa na hofu nyingine mbaya zaidi, kwamba atalikagua kwa hasira, ataona ubovu na kuninyima habari, anijibu kama nilivyomjibu mimi. Ndipo nilipojua nilimfanya nini. Nilikuwa nimeketi mahali pake.

Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Sitakusamehe leo. Sijui kama nitakusamehe. Gari la mtoto nitalikagua."

Akalikagua, mwanangu, tangu saa nne hadi saa kumi. Alilipandisha kwenye jeki ya umeme hadi juu ya kichwa chake. Ana kifaa kidogo cha kupima unene wa rangi, na ana kamera kwenye fimbo ndefu anayoiingiza mahali mkono haufiki. Aliniita nisogee, akaniamuru nimwonyeshe hasa mahali ambapo fundi angeficha mshono katika gari la namna hii. Nikamwonyesha. Akakwangua hapo kwa kisu, akafika kwenye chuma. Tukasogea, nikamwonyesha pengine, akakwangua tena.

Sakafu ya gari lako ni ya kipande kimoja. Hakuna mshono. Mifupa yake yote iko ilivyotoka kiwandani, na nati zake hazijaguswa. Bawa la kulia liligongwa, si sana, likanyooshwa na mtu anayejua kazi. Aliyekuuzia alikuficha hilo, lakini halitakuua.

Kilichokuwa tayari kukuua ni matairi. Meno yake yalikuwa bado marefu, ndiyo maana wewe na mimi tuliyaona mazuri. Odhiambo alikunja mpira wa kando kwa kidole gumba, nyufa zikafunguka kama kisigino cha mtu anayetembea pekupeku. Yalikuwa yamezeeka kwa kusimama. Alisema kwa joto la barabara ile na mwendo wa gari hili, usingefika hata Mtito Andei, nusu ya njia. Alilisema bila kupaza sauti.

Uliporudi Alhamisi ulinishukuru kwa kuyaosha matairi yakang'aa. Sikuyaosha. Ni mapya. Ukiingia stoo utaona kompresa na bunduki zangu za rangi hazipo; nimeviuza ili kuyanunua. Usinirudishie kitu. Mageti naweza kuyapaka kwa brashi.

Nimeandika hadi hapa jua limeshahama dirishani, na bado naogopa. Nilifikiri nikisikia gari ni zima hofu itaniachia, haikuniachia. Naogopa malori yanayopitana mlimani. Naogopa vijana watakaotaka kushindana nawe. Naogopa siku ambayo injini itakwama mahali pasipo na watu. Sina dawa ya hayo, na sitakuambia usiende. Gari hilo umelitolea jasho, na nimelisikia lilivyo. Liendeshe. Ila ukimuuliza mtu swali, fundi au mwenye nyumba au mwanaume, naye akakupa jibu zuri la swali jingine, muulize tena, hata kama unaona haya. Odhiambo aliona haya kuniuliza mara ya pili. Na siku mtu atakapokuja kukuuliza wewe, wakati kusema kutakugharimu, ujue utatetemeka. Mimi sikujua hilo. Nilidhani watu wema husema kweli bila kutetemeka, na kwa kuwa nilitetemeka nikafikiri sina uwezo.

Limebaki jambo moja. Odhiambo ameandika ripoti ya ukaguzi na kuipiga mhuri, ukurasa mzima, na ndani yake kuna vitu vitatu unavyopaswa kuvitazama kila mwezi. Hakunipa. Alisema, "Nitampa mwenyewe. Lakini kwanza nitamuuliza kama mama yake amemwambia. Akisema hapana, gari ni zima, aende zake, lakini karatasi yangu hatapata." Nilimwuliza kwa nini. Akasema amekagua magari ya watoto wa watu wengi, na huyu ndiye wa kwanza aliyekuwepo tumboni siku ile, anataka kumwona usoni akiwa anajua.

Kesho atakuwa amefungua saa moja asubuhi, ingawa ni Jumapili. Ni njiani kwako.

Ukirudi nitakupa barua hii mkononi, kisha nitakwenda kwa Mama Akinyi, nyumba ya tatu, nikae huko hadi umalize kusoma. Sitaki usome ukinitazama. Huenda utanichukia, na nitaelewa. Huenda utataka kuondoka alfajiri bila kuniaga, na hilo pia sitakulaumu. Lakini nina ombi. Gari lina kiti cha pili. Kama utanivumilia, nipeleke hadi Makadara. Nataka akikuuliza niwe nimesimama hapo. Ukishapokea karatasi yako, wewe ushike barabara, mimi nitarudi Kaloleni kwa miguu.

Mama yako.